Mgeni njoo: familia za Gander zilipata nini?

Septemba 11, 2001, baada ya ndege zilizotekwa kugonga majengo ya New York na Washington, Marekani ilifunga anga lake lote. Juu ya bahari ya Atlantiki kulikuwa na mamia ya ndege zilizotoka Ulaya, nyingi zikiwa zimeshavuka nusu ya safari. Zikaelekezwa Kanada. Ndege 38 za abiria zilitua Gander, mji mdogo katika kisiwa cha Newfoundland, zikiwa na watu takriban 6,600. Mji wenyewe ulikuwa na wakazi wasiofika 10,000. Kwa hesabu ya harakaharaka, kwa kila wenyeji watatu walishuka wageni wawili, siku moja, bila taarifa.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kwa kuwasifu wakarimu. Sifa hizo wanazistahili, lakini zinaacha kando jambo ambalo familia yoyote inayofikiria kujitolea ingependa kulijua. Tuna msemo wetu, "mgeni njoo, mwenyeji apone," na mara nyingi tunausema mlangoni kwa uchangamfu bila kuuliza huyo mwenyeji anapona nini hasa. Gander inaturuhusu kuuliza, maana wenyeji na wageni wake wamezungumza hadharani kwa zaidi ya miaka 20, na yaliyowafika baadaye yanajulikana.

Msimamo wangu nauweka mapema. Familia za Gander na vijiji vya jirani zilipata faida kubwa, na nyingi ya faida hizo zilipitia kwenye kazi ndogo sana za nyumbani: kitanda, taulo, simu, kikombe cha chai, lifti ya gari. Zilifanywa na watu wa nyumba nzima, na hazikuwekewa bei. Ukiondoa hilo la mwisho, sidhani kama kisa hiki kingekumbukwa hata miaka miwili.

Mji uliozoea ndege, usiozoea utajiri

Mtu anayesikia kisa hiki mara ya kwanza hujiuliza: kwa nini ndege zote hizo zitue mahali padogo hivyo? Uwanja wa Gander ulianza kutumika mwaka 1938, zama ambazo ndege hazikuweza kuvuka Atlantiki bila kujaza mafuta njiani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ulipitisha maelfu ya ndege za kivita, na baada ya vita abiria wa kila aina walishuka hapo kunyoosha miguu. Kisha zikaja ndege za masafa marefu, zikawa zinapita juu bila kusimama. Njia ndefu za kurukia zikabaki, msongamano ukaisha.

Wenyeji walikuwa pia na kumbukumbu ya msiba. Desemba 12, 1985, ndege iliyokuwa imebeba wanajeshi wa Marekani wakirudi nyumbani ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Gander, wakafa watu wote 256. Mji mdogo unaoshuhudia jambo kama hilo hausahau kwamba ndani ya kila ndege kuna watoto wa watu.

Na hawakuwa matajiri. Mwaka 1992 serikali ya Kanada ilisimamisha uvuvi wa chewa baada ya samaki hao kupungua vibaya, na katika jimbo la Newfoundland watu karibu 30,000 wakapoteza kazi. Miaka 9 baadaye jimbo lilikuwa bado linahesabiwa miongoni mwa yenye kipato cha chini nchini. Nalitaja hili kwa makusudi. Katika mazungumzo mengi kuhusu kujitolea nasikia familia zikisema "tukijaliwa, tutasaidia." Walioamka na wageni 6,600 hawakupata nafasi ya kusubiri kujaliwa.

Siku yenyewe

Baadhi ya marubani waliwaambia abiria kwamba kuna hitilafu ndogo ya kiufundi, ili kuzuia taharuki, wakawaeleza ukweli baada ya kutua. Ndege zikapangwa uwanjani moja nyuma ya nyingine, na kila moja ikasubiri zamu yake ya kukaguliwa. Kuna abiria waliokaa ndani ya ndege zaidi ya saa 24. Waliposhuka waliruhusiwa kubeba mizigo ya mkononi tu. Masanduku yalibaki tumboni mwa ndege, pamoja na dawa, nguo za kubadilisha na nepi za watoto.

Vyumba vya hoteli vya mji mzima vilikuwa takriban 500, navyo wakapewa marubani na wahudumu wa ndege, kwa sababu wao walitakiwa wawe wamelala na wako tayari wakati wowote anga litakapofunguliwa. Abiria wakagawanywa kwenye shule, makanisa na kumbi za vyama, Gander kwenyewe na miji ya jirani: Appleton, Glenwood, Gambo, Lewisporte, Norris Arm.

Madereva wa mabasi ya shule walikuwa kwenye mgomo. Wakauacha mgomo wao, wakaingia kwenye mabasi na kuanza kusomba watu. Wafamasia walikaa kwenye simu wakiwatafuta madaktari na wafamasia wenzao wa nchi nyingine ili kujua mgonjwa fulani anatumia dawa gani na kwa kipimo gani, kisha wakawapa bila malipo. Uwanja wa barafu wa kuchezea hoki ukageuzwa jokofu la chakula kilichokuwa kikiletwa na watu. Kampuni ya simu ikatandaza simu mezani, watu wapige popote duniani bure. Wapo waliokwenda uwanjani kuwalisha mbwa na paka waliosahaulika kwenye sehemu ya mizigo, na humo wakakuta pia sokwe wawili wa jamii ya bonobo waliokuwa wakisafirishwa.

Haya ni mambo ya mji na taasisi zake. Sasa tuingie majumbani.

Bafu

Ukimwuliza mtu afikirie msaada mkubwa, atataja fedha, matibabu, nyumba. Wageni wa Gander walikuwa na kiu ya kitu kingine: kuoga. Walikuwa wamevaa nguo zilezile tangu Ulaya, wamelala vitini, kisha wamelala kwenye sakafu ya darasa pamoja na watu mia wasiowajua. Shule haijengwi kwa ajili ya watu mia kuoga asubuhi.

Ndipo familia zilipoanza kwenda kwenye vituo na kuuliza, "Nani anataka kuja kwetu kuoga?" Mgeni anapanda gari la mtu asiyemjua, anafika, anaonyeshwa bafu, anakabidhiwa taulo safi. Akitoka, nguo zake ziko kwenye mashine na amewekewa nguo za mwenyeji azivae kwa muda. Meza ina chai. Wapo wenyeji waliokwenda kazini na kuwaachia wageni nyumba wazi, na wapo waliowapa ufunguo wa gari wakatembee. Mambo haya yameelezwa na wageni wenyewe tena na tena, na mara nyingi wanayasimulia kabla hata ya kutaja chakula au malazi.

Fikiria sasa kinachotokea upande wa mwenye nyumba. Kumwachia mgeni bafu lako ni kumwonyesha ulivyo: sabuni iliyobaki kipande, miswaki ya watoto, taulo lililochanika pembeni. Huwezi kubaki mfadhili wa mbali. Na mgeni naye, aliyetoka kwenye kiti cha daraja la kwanza au cha nyuma kabisa, anasimama mlangoni mwako na nywele mbichi akikuuliza aweke wapi taulo. Naamini hapo ndipo udugu ulipoanzia. Mtu aliyepewa chakula kwenye foleni anashukuru mji. Mtu aliyeoga kwako anakujua jina, na anajua jina la mtoto wako.

Hili lina uzito kwa familia zinazotafuta namna ya kujitolea. Mara nyingi tunaanza na harambee au kapu la nguo kuukuu, kwa sababu ni rahisi na halituingizii mtu ndani. Ni msaada wa kweli, siudharau. Lakini faida ninazozichambua hapa hazitoki kwenye kapu. Zinatoka kwenye kukaribiana.

Siku ya tatu

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni hekima ya watu wanaojua kwamba ugeni ukirefuka bila kazi hugeuka mzigo, kwa mwenyeji na kwa mgeni mwenyewe. Meya wa Gander wa wakati ule, Claude Elliott, amekuwa na maelezo yake ya siku zilezile: siku ya kwanza walikuwa na wageni 7,000, siku ya tatu wakawa marafiki, na walipoondoka ilikuwa kama kuagana na ndugu. Amekuza idadi kidogo, lakini mwendo wa mambo ameusema sawasawa.

Nini kilifanya siku ya tatu isiwe ya kuchokana? Kwanza, wenyeji walikuwa wengi na mzigo ulizungushwa. Anayepika leo anapumzika kesho, mwingine anashika usukani. Pili, wageni walikuwa na shida zao za ndani zilizohitaji mtu wa kuzungumza naye, na hilo halimalizi akiba ya mtu kama chakula kinavyomaliza. Tatu, hakuna aliyekuwa akihesabu. Pale mwenyeji anapoanza kuhesabu vikombe, mgeni huhisi mara moja.

Kuna na kitu cha nne, nacho ni kisiwa chenyewe. Watu wanaoishi kwa bahari, kwenye majira ya baridi marefu, hujenga mazoea ya kuingiliana majumbani bila kupiga hodi nyingi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema wakazi wa Gander ni watu wa ajabu kuliko binadamu wengine. Walikuwa na mazoea, na mazoea hujengwa.

Fedha zilizorudishwa

Wageni walijaribu kulipa. Walitoa pochi, wakaacha noti mezani, wakawasihi wenyeji. Jibu lilikuwa lilelile karibu kila mahali: hapana, na ninyi mngetufanyia hivyohivyo.

Hapa napenda kuleta jaribio moja la wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello, lililochapishwa mwaka 2008. Walichukua watoto wa miezi 20, umri ambao mtoto akimwona mtu mzima ameangusha kitu na hakifikii, humwokotea bila kuambiwa. Baadhi ya watoto wakapewa zawadi kila waliposaidia. Zawadi zilipokoma, waliozoeshwa kulipwa walisaidia mara chache kuliko wale ambao hawakuwahi kupewa kitu. Malipo yalikuwa yamekaa mahali pa ile raha ya kusaidia, na yalipoondoka, raha haikurudi yote.

Kwa mzazi hili ni jambo la kufanyia kazi leo. Ukimwahidi mtoto fedha au muda wa ziada kwenye simu ili aende nawe kumsaidia jirani mgonjwa, umempa sababu nyepesi kuliko ile aliyokuwa nayo. Wenyeji wa Gander walipokataa noti mbele ya watoto wao, watoto walisikia kwa masikio yao kwamba kazi hii si ya kuuza.

Sasa tazama kilichofuata. Kwenye ndege ya shirika la Delta namba 15, iliyotoka Frankfurt kwenda Atlanta, abiria 218 walikuwa wamepokelewa Lewisporte. Siku ya kuondoka, ndege ikiwa hewani, abiria mmoja aliomba kutumia kipaza sauti. Akasema wenyeji wamekataa kulipwa, basi na tuwasomeshee watoto wao. Karatasi ikapitishwa kiti hadi kiti, na kabla hawajatua ahadi zilikuwa zimepita dola 14,000 za Marekani. Mfuko huo wa ufadhili wa masomo uliendelea kukua hadi ukapita dola milioni 1, na umewapeleka vyuoni vijana wengi wa Lewisporte.

Hiyo ni faida ya fedha, na haina haja ya kufichwa. Ila angalia ilivyokuja. Laiti kila familia ingepokea dola 20 kwa usiku, deni lingekwisha siku ileile na kila mtu angeshika njia yake. Kwa kuwa fedha ilikataliwa, shukrani ilikosa pa kutulia, ikatafuta njia nyingine, ikaangukia elimu ya watoto ambao baadhi yao ndio waliokuwa wakiwapangia wageni magodoro. Hakuna mzazi wa Lewisporte aliyelipanga hilo wakati anachemsha maji ya chai.

Mama wawili

Kati ya abiria walikuwemo mume na mke kutoka New York waliokuwa wakirudi kutoka Ireland. Mtoto wao wa kiume alikuwa mzima moto wa jiji hilo, na alikuwa amekwenda kwenye minara iliyogongwa na ndege. Hawakujua yuko wapi. Walipelekwa kwenye ukumbi wa chama cha wanajeshi wastaafu, na hapo mama huyo akakutana na mama mwingine, mwenyeji, ambaye mwanawe pia alikuwa mzima moto wa kujitolea.

Mwenyeji huyo alifanya mambo mawili ambayo, nikiyafikiria, sijui kama mafunzo yoyote yangemfundisha vizuri zaidi. Alikaa naye. Na alimtania, alimsimulia vichekesho, pale ambapo wengi wetu tungedhani haifai kufungua mdomo isipokuwa kwa sala. Walikwenda pia kanisani kuwasha mshumaa. Baadaye ilithibitika kwamba yule kijana alikuwa amekufa minarani. Mama wa Gander aliendelea kupiga simu New York, na urafiki wao ulidumu miaka mingi baada ya hapo.

Nani alipata nini? Mama wa New York hakurudishiwa mwanawe. Alipata mtu aliyekuwa naye katika saa mbaya kuliko zote, mtu ambaye hakuhitaji kuelezwa upya mambo yalivyokuwa. Mama wa Gander alipata rafiki wa uzeeni ambaye bila siku zile asingemjua kamwe, na alipata kujua kwamba yeye, mkazi wa mji mdogo asiye na cheo, alikuwa mtu wa lazima kwa mwingine.

Sitaki hilo la mwisho lipite haraka. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Stephanie Brown, walichapisha matokeo ya kufuatilia jozi 423 za wanandoa wazee kwa miaka 5. Waliokuwa wakitoa msaada kwa ndugu, marafiki au majirani walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi hicho kuliko wasiotoa, hata baada ya watafiti kuzingatia afya zao za awali. Kupokea msaada hakukuonyesha faida hiyo. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba kusaidia ndiko kulikowaongezea maisha, na sitaki mtu aende kumsaidia jirani kama anayekunywa dawa. Lakini katika familia nyingi bibi na babu huwekwa upande wa kusaidiwa tu: wakae, wapumzike, waletewe. Gander iliwaweka wazee jikoni, kwenye simu na kwenye viti vya kukaa na wafiwa, na kazi ile iliwafaa na wao.

Watoto wa nyumba

Masomo yalisimama kwa sababu madarasa yalikuwa mabweni. Wanafunzi wakawa wenyeji wa shule zao wenyewe: wanabeba, wanaelekeza, wanacheza na watoto wa wageni, wanajaribu kuelewana kwa ishara na watu wasiojua Kiingereza. Hakuna kipindi cha uraia kinachoweza kushindana na hilo.

Kwa vijana tunao pia utafiti wa Hannah Schreier na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013. Wanafunzi 106 wa sekondari moja magharibi mwa Kanada waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilikwenda kila wiki, kwa wiki 10, kuwasaidia watoto wa shule ya msingi. Kundi la pili lilisubiri zamu yake. Mwishoni, waliojitolea walikuwa na viwango vya chini vya kolesteroli na vya viashiria vya uvimbe mwilini, na walioonekana kunufaika zaidi ni wale ambao huruma yao kwa watu ilikuwa imeongezeka zaidi. Nimelipenda jaribio hili kwa sababu ya ile bahati nasibu: haikuwa kwamba watoto wenye afya ndio waliojipeleka.

Lakini mzazi asitarajie kuiona faida hii kwa macho baada ya Jumamosi moja. Mtoto anaweza kununa njia nzima, akachoka, akasema mzee yule ananuka. Asikaripiwe kwa kusema alichokiona. Aelezwe kwa nini mzee hajaoga, apewe kazi ndogo anayoiweza, kama kushika beseni au kutafuta taulo, na safari ijayo atakuwa anajua aanzie wapi.

Faida ya mji, kwa kifupi

Mwaka 2002 shirika la ndege la Lufthansa liliipa moja ya ndege zake aina ya Airbus A340 jina la Gander/Halifax. Septemba 11 ya mwaka huohuo waziri mkuu Jean Chrétien alikwenda Gander kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja. Mwaka 2016 mji ulipokea kipande cha chuma kutoka kwenye minara iliyoanguka. Wageni wamekuwa wakirudi, wakiwemo Mwingereza mmoja na mwanamke wa Texas waliojuana pale vituoni, wakaoana, na kurudi Newfoundland kwa fungate. Vyote hivyo ni heshima, na heshima ina kazi yake. Ila faida za majumbani ndizo ninazoziona kubwa zaidi.

Ambayo kisa hiki hakituambii

Wenyeji wengi hawakulala ipasavyo siku zile. Nyumba zilichafuka, kazi zikalala, akiba za chakula zikaisha. Waliweza kuvumilia kwa sababu walijua wageni wataondoka: anga lilianza kufunguliwa, na ndani ya siku 5 hivi ndege zilikuwa zimekwenda. Shida nyingi zinazozikabili familia hazina tarehe ya kuondoka. Mjane wa jirani atakuwa mjane mwaka kesho. Mtoto mwenye ulemavu hapandi ndege Jumamosi akaenda zake. Familia inayoingia kwenye msaada wa namna hiyo kwa moto wa Gander, kila siku, kwa kila kitu, itazimika kabla ya miezi mitatu, na aliyesaidiwa ataumia mara mbili.

Jambo la pili linalofichwa na sifa ni mpangilio. Nyuma ya ukarimu wa majumbani kulikuwa na ofisi ya mji, polisi, makanisa na vyama vikijua nani amewekwa wapi, nani ana kisukari, nani mjamzito, basi lipi linakwenda wapi. Familia zilijitoa ndani ya utaratibu ambao mtu mwingine alikuwa akiushikilia. Ukiwa peke yako na mtu mwenye shida, bila chama, bila msikiti au kanisa, bila ofisi ya ustawi wa jamii kujua, unabeba vyote viwili, na hapo ndipo familia nyingi zenye nia njema huvunjika.

Nchi hiyohiyo ya Kanada ina mfano wa msaada wa muda mrefu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 sheria yake iliwaruhusu raia wa kawaida kujiunga, watu watano au zaidi, na kudhamini familia ya wakimbizi, kwa kawaida kwa miezi 12, hadi mwishoni mwa mwaka 2024 maombi mapya ya vikundi vya namna hiyo yaliposimamishwa kwa muda. Zaidi ya wakimbizi 300,000 wameingia kwa njia hiyo. Mwaka 1986 Umoja wa Mataifa uliwapa watu wa Kanada kwa ujumla wao Nishani ya Nansen, inayotolewa kwa waliowatumikia wakimbizi.

Utaratibu huo umeyajibu maswali yote mawili niliyoyataja. Muda una mwanzo na mwisho unaojulikana na pande zote. Mzigo haumwangukii mtu mmoja. Na kabla mgeni hajafika, wadhamini huandika mpango wa nani atatafuta nyumba, nani atawapeleka watoto kuandikishwa shule, nani atamsindikiza mgonjwa kwa daktari, nani atakaa nao jioni kufanya mazoezi ya lugha. Familia yoyote inayotaka kuanza, hata kama ni kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, inaweza kuanzia kwenye karatasi kama hiyo: majina ya wote waliomo ndani ya nyumba, bibi na mtoto wa miaka 8 wakiwemo, kila jina na kazi yake, siku yake, na tarehe ya kukaa tena kuulizana nani amechoka na nani ampokee.